Kagua kable za mlingoti

Wasikilizaji wa Nyangezi mnaoteremka Bukavu kufanya kazi kwenye boti ndogo ya tanga, tusikilizane. Kable za chuma ndizo zinazoshikilia mlingoti. Moja ikikatika, mlingoti unaweza kuwaangukia watu.

Maji ya Ziwa Kivu hayana chumvi kama ya bahari. Hilo lisiwadanganye mkadhani kable haziharibiki. Kable huchoshwa na mtikisiko, na mara nyingi huanza kuharibika pale inapoingia kwenye kishikio chake. Pitisha kitambaa hapo, polepole. Usitumie mkono mtupu, utachanika. Kitambaa kikinasa, kuna uzi uliokatika. Uzi mmoja unatosha: badilisha kable. Ya upande wa pili nayo ibadilishwe, maana zimezeeka pamoja.

Kabla ya kufungua, funga mlingoti kwa kamba imara. Fungua kable moja moja. Usikadirie unene wa kable mpya kwa macho. Peleka dukani kable nzima ya zamani pamoja na vishikio vyake, fundi apime unene na urefu. Usikubali nyembamba zaidi kwa sababu ya bei.

Tunarudia: uzi mmoja ukikatika, badilisha kable. Ikague leo, kabla abiria hawajapanda.