MAMA WA WAJIR NA VIZAZI VITATU



Katika nchi kavu ya Garissa, Wajir na Mandera, nyumba ya mfugaji ni kazi ya mama. Jamaa za Kisomali zihamapo, wanawake ndio wanaovunja kibanda cha fito na mikeka, wakakipakia juu ya ngamia, na kukisimamisha tena penye malisho mapya. Mama akizeeka, mikono yake hupumzika, lakini ulimi wake huendelea na kazi nyingine, yaani kuwakumbusha watoto na wajukuu mambo yaliyowatangulia. Hotuba hii ni ya kumkumbuka mama mmoja wa Wajir aliyeifanya kazi hiyo kwa wakati uliofaa.

Mama huyo alikuwa mzazi wa Bi Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964. Miaka hiyo ilikuwa ya vita vilivyoitwa vita vya Shifta, vilivyoanza mwaka 1963 na kwisha mwaka 1967. Mkoa mzima uliwekwa chini ya sheria ya hatari, nayo haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Katika vita hivyo mama alimficha binti yake mdogo chini ya kitanda ili risasi zisimpate. Vita vikaisha, mtoto akakua, akasoma, akawa mwalimu, akaolewa, akazaa. Mama akawa bibi.

Lakini raha haikudumu. Februari 1984 watu wengi wa ukoo wa Degodia waliuawa na askari wa serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Kisha ukame wa mwaka 1991 na 1992 ukateketeza mifugo, na koo zikaanza kupigana kwa ajili ya maji, malisho na madaraka. Usiku mmoja risasi zilipita katika chumba cha Bi Dekha, naye akajificha kwa saa nyingi pamoja na mtoto wake wa kwanza. Kulipopambazuka, mama yake alimweleza jinsi yeye naye alivyomficha miaka ile ya nyuma. Bi Dekha alikisimulia kisa hicho hadharani, akasema kwamba wote wawili walihuzunika kuona vizazi vitatu vya wanawake wa nyumba moja vimeonja vita.

Hapa pana jambo la kufikiri. Mama mzee aweza kuwataja waliouawa ili wajukuu wake walipize kisasi, na katika vita vya Wajir wako wanawake waliowachochea wanaume wapigane. Mama huyu alitaja hofu yake, wala hakutaja deni la damu. Binti aliyeyasikia maneno hayo hakutafuta silaha. Aliwatafuta wanawake wenzake.

Mwanamke wa Kisomali mara nyingi huzaliwa katika ukoo mmoja akaolewa katika ukoo mwingine. Koo hizo zikipigana, kaka zake wako upande huu na wanawe wako upande ule, na yeyote atakayeanguka, msiba ni wake. Desturi haikumpa kiti katika baraza la wazee, lakini alikuwa na mahali pake sokoni. Basi mwaka 1993 wanawake wa koo mbalimbali walikutana, wakaanza na soko la Wajir, ambako mwanamke wa ukoo huu alikuwa akiogopa kumwuzia au kununua kwa mwanamke wa ukoo ule. Walikubaliana kwamba kila mwanamke awe huru kuingia, kuuza na kununua, wakaweka kamati ya kulinda mapatano hayo.

Soko lilipotulia, waliwaendea wazee. Wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwa zikipigana, walisaidia kuwapatanisha wakubwa, na Septemba 1993 likapatikana Azimio la Al-Fatah. Mwaka 1995 wanawake, vijana, wazee na maofisa wa serikali waliungana katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Mfano huo ulifuatwa na wengine. Na mwaka 2001 viongozi wa Garissa, Wajir, Mandera na wilaya jirani walifikia Azimio la Modogashe, lililoweka taratibu juu ya malisho, maji na wizi wa mifugo.

Bi Dekha aliendelea kufundisha mambo ya upatanisho katika nchi nyingi, na mwaka 2007 alitunukiwa huko Sweden tuzo iitwayo Right Livelihood. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya gari. Ugomvi wa visima na malisho umezuka tena mara kwa mara tangu hapo, maana amani hairithiwi kama ngamia. Kila kizazi hakina budi kuitengeneza upya.

Kwa hiyo yafaa vijana wa kaskazini mashariki, na wa kila mahali, wawaulize bibi zao habari za miaka ya shida wangali hai, wasikilize mpaka mwisho. Nao akina bibi wanapoulizwa, na wachague vema neno la kuwaachia wajukuu.