Mama, Punda Mchanga na Mtaro

  

Leo sitaanza na mtoto. Nitaanza na wewe, mtu mzima, unayejifunza jambo jipya wakati wenzako wanadhani umri wa kujifunza umekupita. Na jambo lenyewe ni kumfundisha punda mchanga ambaye naye hajui kitu. Nyote wawili hamjui, na mbele yenu kuna mtaro.

Anayeijua Fort Ternan anaijua miteremko yetu. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapa ikijipindapinda kutafuta mahali pa kushukia. Juu upande wa Kericho ni majani chai, chini kuelekea Muhoroni ni miwa, sisi tuko katikati, na maji yako bondeni. Anayeyapandisha ni mama. Jerikeni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, nawe unajua ni safari ngapi kwa siku.

Nilipofika miaka 43 mgongo ulianza kulalamika, nikaamua kununua punda. Pesa zangu zilitosha punda mchanga tu, jike wa miaka mitatu hivi, ambaye hajawahi kubeba hata gunia tupu. Watoto wakampa jina la Haraka. Jina hilo lilikuja kutuchekesha baadaye, kwa sababu Haraka alikuwa akifika kwenye mtaro wa barabara anasimama kama nguzo ya simu.

Si mtaro mkubwa. Mtoto wa darasa la pili anauruka akienda shule. Nilimbembeleza siku tatu. Siku ya nne nikakasirika. Nikaizungusha kamba mkononi mara mbili ili nipate nguvu, nikavuta, na jirani akamchapa fimbo kwa nyuma. Basi akaruka! Aliruka kama swala, kutoka kusimama tu, akanipita hewani, na kamba iliyokuwa mkononi ikanibeba. Niliangukia ukingo wa mtaro, kichwa kikagonga jiwe.

Sasa nikuulize, mama. Mtu mzima akianguka, hufanya nini kwanza? Hutazama kama kuna aliyemwona. Mtoto akianguka hulia, watu huja, hukaguliwa. Mtu mzima huinuka haraka, hujipangusa vumbi, husema, "Hapana, sijaumia." Ndivyo nilivyosema, na mimi ni muuguzi. Jioni ile nilitapika mara mbili. Niliwaambia watoto kwamba ni maziwa yamenichafua tumbo. Kichwa kiliuma usiku kucha nami nikanyamaza, kwa sababu niliona haya kwamba mama mzima ameangushwa na punda.

Asubuhi mama mkwe wangu alinitazama nikiwasha moto. Akaniuliza siku hiyo ni ya ngapi katika juma. Nikakosea. Akasema, "Wewe ndiye unayewaambia watu kwenye redio waende hospitali." Nikapelekwa kwa pikipiki, nikachunguzwa na kuwekwa kitandani hadi siku ya pili. Hakukuwa na damu iliyovuja ndani. Nilikuwa na bahati, sikuwa na akili.

Kwa hivyo shika haya, na umfundishe pia yule unayekaa naye nyumbani, maana aliyegongwa kichwa mara nyingi hawezi kujichunguza mwenyewe. Aliyeanguka na kugonga kichwa apelekwe hospitali bila kungoja kesho ikiwa alizirai hata kwa dakika moja, ikiwa anatapika zaidi ya mara moja, ikiwa kichwa kinazidi kuuma, ikiwa anasinzia kupita kawaida au ni vigumu kumwamsha, ikiwa maneno yake yamechanganyika, ikiwa ametetemeka mwili kama mwenye kifafa, ikiwa mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, ikiwa mkono au mguu umelegea, au damu au maji mepesi yanatoka sikioni au puani. Dalili moja tu yatosha. Hata asipokuwa na dalili, asilale peke yake nyumbani siku mbili za kwanza. Asimeze aspirini, kwa sababu huifanya damu ivuje kwa urahisi. Na ikiwa anasema shingo inauma au hahisi miguu, msimwinue kwa kumshika makwapa, wala msimpakie kwenye pikipiki. Mwacheni alale hapo hapo, kichwa kishikwe kisigeuke, mpaka apatikane wa kumbeba kwenye ubao bila kumkunja.

Niliporudi nyumbani nilipumzika. Ubongo uliotikiswa unahitaji muda, na kugongwa tena kabla haujapona ni hatari zaidi ya mara ya kwanza. Katika siku zile mnunuzi alikuja kumtaka Haraka, na bei yake haikuwa mbaya. Punda wamepungua sana nchini: hesabu ya kitaifa ya 2009 ilikuta zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2 tu, na biashara ya ngozi zao ilichangia. Nilikaribia kukubali. Tena, niseme ukweli, kila nilipoigusa ile kamba mikono ilitetemeka.

Aliyenizuia ni mzee mmoja wa kijiji chetu ambaye katika ujana wake alikuwa saisi, mtunza farasi, huko Nairobi. Sisi hapa si watu wa farasi. Hata pale kwenye machimbo yetu, ambapo Louis Leakey alifukua mabaki ya wanyama wa miaka kama milioni 14 mwaka 1961, wamo jamaa wa twiga na swala, lakini ukoo wa farasi na punda haumo, kwani ulikuwa bado haujafika Afrika. Lakini mzee huyu aliwaona watu wanaoshindana kurusha farasi juu ya viunzi pale Jamhuri Park, kwenye maonyesho ya kilimo. Akaniambia kwamba wengi wao si mabingwa. Wamo akina mama wa umri wangu, wenye kazi za ofisini, waliojifunza wakiwa watu wazima, na wengine wamepanda farasi ambaye naye ni mwanafunzi. Wanaanguka, halafu wanarudi wiki nyingine.

Nikamwuliza hao hawavunjiki? Akasema wanavunjika wale wenye haraka. Wenye busara huvaa helmeti iliyofungwa kidevuni hata siku ya mazoezi. Na katika mashindano makubwa ya dunia, mpandaji akianguka huondolewa raundi hiyo, hata akisema hajaumia. Hapo nilijicheka. (Hata zile mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, ambazo Amos Biwott alitushindia kule Mexico mwaka 1968 akiruka maji bila kulowa miguu, asili yake ni mashindano ya farasi.)

Kisha mzee akanifundisha jambo nililokuwa silijui. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama, afikirie. Sisi tunamwita mkaidi na kumchapa, na hapo ndipo anaporuka kwa hofu na kutuumiza. Tena macho yake yako kando ya kichwa. Kitu kilicho mbele kabisa ya uso wake hakioni vizuri, wala kilicho nyuma yake kabisa. Mtaro kwake ni shimo jeusi lisilo na kipimo. Anahitaji kuinamisha kichwa, kunusa, na kutazama. Mimi nilikuwa nikimwinua kichwa kwa kamba wakati ule ule anaotaka kukiinamisha!

Tukaanza upya, uani, mbali na mtaro. Mzee alilaza ufito mmoja chini. Kazi yangu ya wiki nzima ilikuwa kumvusha Haraka juu ya ufito huo, bila mzigo, dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni. Siku ya kwanza aliuzunguka. Siku ya pili aliukanyaga. Siku ya tatu alipita, nikamkuna shingo, tukaishia hapo hapo ingawa dakika zilibaki. Mzee alisisitiza sana hilo: ukishapata, acha, mwanafunzi alale na alichokipata. Nadhani liliniingia mimi kuliko punda.

Wiki ya pili, fito mbili na ubao. Wiki ya tatu nilichimba mfereji kwa jembe, upana wa kiganja, nikaupanua kidogo kila baada ya siku mbili. Siku alipokataa, tulirudi kwenye upana wa jana. Kuna wiki nzima ambayo hatukuendelea hata kidogo, na majirani walikuwa wakipita wakiuliza kama nafungua shule. Siku alipouruka mfereji kwa kuruka kweli, miguu yote minne hewani, nilicheka kwa sauti peke yangu uani.

Kuhusu mwili wako katika mafunzo hayo. Usizungushe kamba mkononi wala kiunoni kamwe. Watu hupoteza vidole hivyo. Ikunje, uishike mikunjo ndani ya kiganja, ili ukiachia itoke yote. Tembea ubavuni, karibu na bega lake, si mbele yake, kwani akiruka ataruka juu yako. Usipite nyuma yake bila kusema neno. Vaa buti, si ndara. Mimi wiki ya tano alinikanyaga nikiwa nimevaa ndara, ukucha ukang'oka. Ukiwa na helmeti ya bodaboda nyumbani, ivae siku za kuruka na uache wanaocheka wacheke. Kama una mimba, mwachie mwingine mafunzo haya hadi ujifungue na kupata nguvu. Wala usimtume mtoto na punda ambaye bado anajifunza, hata kama mtoto ndiye anayempenda zaidi.

Ule ukucha unanileta kwenye pepopunda. Wadudu wa ugonjwa huu hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, wakiwamo punda na farasi, nao huingia mwilini kwa jeraha, hata dogo la msumari. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda zahanati ukiwa na kadi yako. Akina mama wengi walichomwa sindano ya pepopunda kliniki walipokuwa wajawazito, lakini wanaokumbuka ni mara ngapi ni wachache. Kinga ya muda mrefu kwa mwanamke huhitaji sindano tano kwa mpangilio wake. Tazama kadi leo usiku. Na mavi ya mnyama au udongo visiguse kitovu cha mtoto mchanga, kwa sababu yoyote ile. Punda akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu uende hospitali siku hiyo hiyo, maana kichaa cha mbwa huwapata punda pia.

Mzigo nao. Punda mwenye kilo 150 asibebeshwe mgongoni zaidi ya theluthi ya uzito wake. Hiyo ni jerikeni mbili, moja kila upande, juu ya gunia nene lililokunjwa. Jerikeni nne ni kilo 80. Hizo zitamwumiza mgongo kama wako ulivyoumia.

Na ule mtetemo wa mikono? Ulikuwapo karibu mwezi mzima. Nilianza kwa kusimama tu kando yake bila kamba nikipumua polepole, kisha kamba, kisha hatua mbili. Hofu baada ya kuanguka ni kitu cha kawaida, haioneshi kwamba wewe ni mwoga. Lakini ikiwa wiki nne zimepita na bado hulali, au unaota kuanguka kila usiku, mwambie mhudumu wa afya kama unavyomwambia habari za homa. Ni ugonjwa kama mwingine na una msaada wake.

Mwezi wa tatu tulirudi kwenye mtaro wenyewe. Jirani alitangulia na punda wake mzee aliyezoea. Haraka akasimama, akainamisha kichwa, akanusa ukingo kwa muda mrefu hata nikahesabu mpaka tisini. Mimi nilikuwa begani mwake, kamba imelegea. Akavuka. Hakuruka hata, alivuka tu kwa hatua ndefu kama mama anayekwepa tope.

Sasa huleta jerikeni mbili asubuhi na mbili jioni, na mgongo wangu hulala. Ila mvua ikinyesha na mtaro ukajaa maji, bado husimama. Nami husimama. Watoto wa shule hutupita wakiruka na mikoba yao, wanapiga kelele, "Haraka! Haraka!" Tunangoja mpaka amalize kunusa.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya kitovu cha mtoto mchanga. Lala salama, mama.