Miwani ya Kompyuta na Akiba Zetu: Tunanunua Nini?



Ndugu zetu vijana, baadhi yenu mmekuwa mkituuliza kila baada ya darsa: je, tuzitie akiba zetu katika biashara ya miwani ya kompyuta na viwanja vya ulimwengu wa kompyuta, kwa kuwa inasemwa kwamba mustakabali uko huko? Mmoja wenu alitujia na fedha za zamu ya upatu ya mama yake. Sisi si mabingwa wa fani hiyo, lakini tumeisoma habari yake, na tumeona ndani yake funzo la muamala ambalo yatupasa kulizungumza.

Kwanza tufahamu tunachokizungumzia. Miwani hii ni ya aina mbili. Ya kwanza humziba mtu macho asikione chumba alichomo, bali auone ulimwengu uliochorwa na kompyuta, nao hugeuka kila ageuzapo kichwa. Ya pili humwacha auone ulimwengu wake huu huu, ikamwongezea picha na maandishi juu ya yale anayoyaona. Wala jambo hili si geni kama wengi wanavyodhani. Ivan Sutherland alikionesha chombo cha namna hii nchini Marekani mwaka 1968, na mwaka 1995 kampuni ya Nintendo ya Japani iliuza chake kilichoitwa Virtual Boy, kikaondoshwa sokoni kabla ya mwaka kutimia.

Hapana shaka kwamba manufaa yapo. Daktari mpasuaji anaweza kujifunza kwa miwani hii, akakosea pasipo kumdhuru mgonjwa. Lakini manufaa ya chombo ni jambo moja, na faida ya aliyetia fedha yake ni jambo jingine.

Tukitazame kisa cha kampuni ya Oculus. Mwezi Agosti 2012 kijana wa Kimarekani, Palmer Luckey, akiwa na umri wa miaka 19, aliomba achangiwe dola 250,000 kupitia Kickstarter ili miwani yake iundwe. Watu zaidi ya 9,500 wakachanga zaidi ya dola milioni 2.4. Mwezi Machi 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kampuni ile kwa takriban dola bilioni 2. Je, wachangaji wale walipata fungu gani katika bilioni hizo? Hawakupata hata senti moja. Wako walioghadhibika, lakini hawakuwa na hoja, kwani walichoahidiwa ni vitu kama fulana na miwani ya majaribio, si hisa. Mwaka 2016 kampuni iliwapa bure miwani mipya wale waliokuwa wamechangia kiasi cha kupata ile ya majaribio. Hiyo ilikuwa hisani, haikuwa haki.

Basi tusiseme walidhulumiwa. Mkataba ulikuwa wazi, ila nyoyo zao ziliusoma vingine. Mwenye kutoa mchango, mwenye kununua bidhaa na mwenye kuingia shirika ni watu watatu mbalimbali, na kila mmoja ana hukumu yake. Mshirika ana fungu lijulikanalo katika faida, na hasara nayo humfika.

Na huyo mshirika naye asidhani amesalimika. Magic Leap ilikusanya zaidi ya dola bilioni 2 kutoka kwa matajiri na makampuni makubwa, ikaiuza miwani yake ya kwanza mwaka 2018 kwa dola 2,295, na mwaka 2020 ikawapunguza takriban nusu ya wafanyakazi wake. Facebook, iliyojiita Meta tangu Oktoba 2021, ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 16 katika idara yake ya miwani mwaka 2023, na zaidi ya bilioni 17 mwaka 2024. Meta huistahimili hasara hiyo kwa sababu huchuma katika matangazo. Fedha ya upatu ikipotea, nani ataistahimili?

Ama viwanja, mwezi Novemba 2021 kiwanja kimoja katika ulimwengu wa kompyuta uitwao Decentraland kilinunuliwa kwa takriban dola milioni 2.4, kisha bei za viwanja vya namna hiyo zikaporomoka. Ardhi tunayoijua haiongezeki. Lakini huko, mtu mwingine akitaka, huunda ulimwengu wake mwingine wenye viwanja vyake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, ulizeni mambo matatu. Kwanza, ninakuwa nani: mchangaji, mnunuzi au mshirika? Pili, faida itatoka katika kazi gani, au inamngoja tu mnunuzi mwingine aje na bei ya juu zaidi? Tatu, fedha hii ni yangu, au ni amana ya mwingine?

Hatuwakatazi elimu hii. Jifunzeni kuunda programu zake, kwani ujuzi haushuki bei kama viwanja vile. Ama yule aliyetujia na fedha za mama yake, tulimwambia akamsomee mama huyo mkataba wote kwa Kiswahili, neno kwa neno. Akishindwa kumweleza, basi asiutie saini.

Wabillahi tawfiq.