Hotuba ya Mafundi na Madereva Katika Sherehe ya Miaka Kumi ya Chama



Wenzetu wamenena juu ya bei, magunia na mizani. Sisi wa karakana twaomba kunena juu ya vipande vya plastiki ndani ya lori kuukuu. Msicheke kwanza.

Lori letu lilipofika mikononi mwetu lilikuwa limekwisha zeeka. Injini tuliitunza vema, na breki zilikaguliwa kila safari. Lakini chumba cha dereva hatukukijali. Jua la miaka mingi lilikuwa limeikausha plastiki ikawa kama ganda la yai. Dashibodi ilipasuka, kifuniko cha nyaya kikaanguka, mkono wa kushushia kioo ukakatika, na baadaye kishikio cha ndani cha mlango wa kushoto nacho kikakatika. Tukasema, "Si kitu, mlango utafunguliwa kwa nje."

Jioni moja ya mvua tulikuwa tukishuka na kahawa kutoka Kamachumu kuelekea Muhutwe. Lori liliteleza, likalalia ukingo wa kulia, na mlango wa dereva ukazibwa na udongo. Mlango wa kushoto haukuwa na kishikio. Nyaya zilizoachwa wazi zikasuguana na chuma, harufu ya kuungua ikapanda, na dereva na utingo wamo ndani. Waliotufungulia ni wapita njia waliokuwa wakitoka mashambani. Hakuna aliyeumia, na kahawa ilifika. Lakini aibu ile ilikuwa yetu.

Tangu hapo tumejifunza kazi hii kwa utaratibu. Kwanza, plastiki zote si za namna moja. Nyuma ya kipande mara nyingi zimo herufi: ABS au PP. Zisipoonekana, twakata kibanzi kisicho na rangi tukakitia majini. PP huelea, ABS huzama.

Pili, kipande huoshwa kwa sabuni na kukaushwa, na mwishoni mwa ufa hutobolewa tundu dogo ili ufa usiendelee. Ikiwa ni ABS, twaloweka vibanzi vya plastiki ya namna hiyo hiyo katika asetoni hata viwe uji mzito, kisha twaupaka kwa upande wa nyuma, mbali na moto na mahali penye hewa. PP haishikwi vizuri na gundi za kawaida. Hiyo twaiyeyusha kwa kichuma cha moto cha mafundi wa redio, tukizamisha wavu mwembamba wa chuma ndani ya ufa. Wazee wetu walishona vibuyu vilivyopasuka; nasi twafuata njia yao.

Tatu, na hili ndilo kubwa: si kila kitu huungwa. Dashibodi na vifuniko tuliviunga, na nyaya tukazifunga upya. Bali kishikio cha mlango hatukukitia gundi. Kitu kinachovutwa kila siku, ambacho uhai wa mtu hukitegemea, hakitegemezwi kwa kiraka. Tulichonga cha chuma, tukakikaza kwa bolti.

Ndugu Wanachama, vyama vikuu vya ushirika vya nchi hii vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Basi twajua kwamba kilichovunjika chaweza kusimama tena. Lakini twajua pia kwamba ufa huanza pale ambapo watu husema, "Si kitu." Mzani ukikosea kidogo, stakabadhi ikikosa sahihi, mwanachama akiuliza asijibiwe, huo nao ni ufa.

Kwa hiyo ombi letu ni moja: semeni mapema. Mkiona kilichokatika, iwe ndani ya lori au ndani ya Chama, tuleteeni kingali kidogo.

Mungu akijalie Chama chetu miaka kumi mingine, na barabara zenye heri.