Mgeni Anatafuta Nini Bandarini?

(Mazungumzo na makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Loliondo)



Nimeombwa niseme juu ya kupokea wageni. Nitaanza na bandari, ingawa hapa Loliondo hatuna bahari. Atakayeshangaa namwomba anivumilie kidogo, maana jambo ninalotaka kulisema lilikwisha fahamika pwani karne nyingi zilizopita.

Tangu zamani majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja pwani yetu kwa pepo za kaskazi, kuanzia Desemba hivi, yakarudi kwao kwa kusi. Baharia aliyeteremka Mombasa, Unguja au Kilwa alikuwa mtu aliyechoka, asiyejua bei za mji, wala asiyeweza kuondoka mpaka upepo ugeuke. Alitaka mambo machache: mahali salama pa kutia nanga, maji matamu, chakula, habari za kweli za soko, mizani isiyopunja, na mwenyeji wa kumtegemea.

Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, ameeleza desturi ya Mogadishu. Chombo kilipofika, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutamka kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni, isipokuwa yule aliyekwisha zoea mji, alifikia kwa mwenyeji huyo, naye akamwuzia bidhaa zake na kumnunulia alizohitaji. Mtu aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemwuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa si halali.

Angalieni vema desturi hiyo. Sahani ya chakula ilikuwa mwanzo tu. Kilichomtuliza mgeni ni kujua kwamba katika mji ule yupo mtu mmoja wa kumjibia.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2011 Loliondo ilipata kuwa bandari. Maelfu ya watu kutoka kila pembe ya Tanzania, kutoka Kenya na nchi nyingine, walikuja Samunge kunywa kikombe cha dawa kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Mwezi wa Machi msururu wa magari ulirefuka kilometa nyingi, hata yeye mwenyewe akaomba watu wengine wasije kwa siku kadhaa ili waliokwisha fika wapungue. Mzee yule alifariki Julai 2021. Juu ya dawa nasema hili tu: haikuthibitishwa kwamba huponya magonjwa iliyosifiwa kuyaponya, na walioacha dawa za hospitali kwa ajili yake walijitia hatarini. Mimi nazungumzia mapokezi.

Wageni wale walitaka yale yale ya baharia. Lakini walilala ndani ya magari na chini ya miti. Vyoo havikutosha, maji yalikuwa haba, bei zilipanda, na wagonjwa kadhaa walikata roho wakiwa bado katika foleni. Sidhani kuna mwenyeji aliyewatakia mabaya. Kijiji kimoja hakikuweza kuubeba umati ule, na wengi wetu tuliuza kila mtu kivyake, kadiri shida ya mgeni ilivyoruhusu. Foleni ilipokwisha, na biashara ile ilikwisha.

Ndugu zangu, hapo ndipo ushirika una kazi. Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, sifa yao ilikuwa bidhaa safi na vipimo kamili. Nasi yafaa tushike mambo manne.

Kwanza, bei za duka la chama ziandikwe ukutani, ziwe zile zile kwa mwenyeji na mgeni. Pili, maji na choo vitangulie bidhaa. Tatu, mgeni aambiwe ukweli juu ya barabara, hasa ile ya kushukia Ziwa Natron wakati wa mvua, hata kama ukweli huo utamfanya asilale kwetu. Nne, kila chama kimteue mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, ambaye mgeni aliyedhulumiwa atamwendea, naye apewe uwezo wa kurudisha fedha.

Baadhi yenu mtasema: mgeni hupita mara moja, kwa nini tuache faida ya leo? Najibu kwamba dereva wa lori hurudi, mnunuzi wa ng'ombe hurudi, na mgonjwa anayeletwa hospitali ya Wasso ana ndugu watakaouliza alipokewaje. Tena, nasi tunapopeleka mifugo mnadani mbali na kwetu, tu mabaharia katika bandari ya wengine. Hatuna haki ya kudai huko mizani tusiyoitumia hapa.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2011 mgeni alikuja. Kila katibu, arudipo chamani kwake, awaulize wanachama kama mwenyeji alipona, na siku nyingine mgeni akija atamkuta nani mlangoni.