Nyumba Yako Wakati Uko Kazini
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Nimepewa dakika chache kusema habari ya kutayarisha nyumba kabla ya hatari. Sisi wa gengi la njia tunajua kwamba mvua kubwa ikinyesha usiku, lazima mtu atembee na taa kutazama madaraja na makaravati. Hatungoji gari lianguke kwanza. Je, nyumbani kwetu ni nani anayetazama?

Mnakumbuka Mai Mahiu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, mto uliziba kwa miti na matope mahali unapopita chini ya tuta la reli. Maji yalijaa nyuma ya tuta, kisha yakapasua, yakawateremkia watu wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Maji ya namna hiyo hayampi mtu nafasi ya kutafuta kitambulisho chini ya kitanda.

Kwa hiyo naanza na karatasi. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kadi ya chama, namba ya NSSF, vyote vikae katika mkebe mmoja wenye kifuniko, na bibi ajue mkebe uko wapi. Hapa nasema wazi, kwa maana wako wanaume wanaoficha karatasi kama siri za serikali. Baba yuko Voi kazini, nyumba ya Nairobi imeingia maji, na mama watoto hajui hata namba ya kazi ya mumewe. Baba akifa huko, ni nani atakayedai haki ya watoto? Na wewe ambaye fomu yako ya akiba bado ina jina la marehemu mama yako, nenda ukaandike jina jingine mwezi huu. (Msicheke, wako wengi.)

Maji ya kunywa ni kama lita 3 kwa mtu kwa siku. Jamaa ya watu sita kwa siku tatu ni madebe matatu ya lita 20, yaliyofunikwa. Wekeni pia tochi, na noti chache, kwa sababu simu ikizimika M-Pesa haikusaidii kitu.

Watoto waonyeshwe mahali pa juu pa kukutania, kwa mchana na kwa usiku. Wafundishwe wasivuke maji yanayokwenda kasi. Sentimita 15 tu zinaweza kumwangusha mtu mzima. Swichi kubwa ya umeme izimwe kabla maji hayajaingia, na asiiguse mtu aliyesimama majini.

Polisi ni 999 au 112, Msalaba Mwekundu ni 1199. Ziandikeni ukutani kwa kalamu, pamoja na namba ya stesheni yako. Karani ana kadi tupu mlangoni. Kila mmoja achukue mbili, moja ya nyumba na moja ya jirani.