Kununua Kompyuta ya Nyumbani kwa Fedha Kidogo

Mazungumzo na wananchi wa Goweko, Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora



Kompyuta ni chombo ambacho zamani kilidhaniwa ni cha maofisini tu. Leo kompyuta inaulizwa Goweko kama inavyoulizwa Tabora mjini. Mzazi anamtafutia mtoto anayekwenda chuo, mwalimu anaihitaji kwa kuandaa mitihani, katibu wa chama cha msingi anataka kuweka hesabu za wakulima mahali pasipoliwa na mchwa, na kijana anataka kufungua kibanda cha kuchapa na kutoa nakala. Kwa wengi wenu fedha ya kununulia itatoka katika mauzo ya tumbaku, asali au ng'ombe. Basi atakayekosea kununua hapotezi mshahara wa mwezi mmoja. Anapoteza jasho la msimu mzima. Ndiyo sababu jambo hili linastahili kuzungumzwa kwa utaratibu.

Nchi hii si ngeni kwa bidhaa zitokazo mbali. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita upande huu, kupitia Tura. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba vitambaa vya merikani na shanga, na watu wa njiani hawakupokea kitambaa kwa kusifiwa. Walikipima kwa mkono, mikono minane kwa doti moja. Shanga nazo zilikuwa na desturi yake: rangi iliyopendwa mahali pamoja ilikataliwa pengine, na msafiri aliyebeba rangi isiyotakiwa aliweza kukosa chakula ilhali mizigo yake imejaa. Kupima mali na kujua inatakiwa kwa matumizi gani ni mambo mawili yanayomfaa mnunuzi wa kompyuta leo kama yalivyomfaa mnunuzi wa wakati ule.

Tuanze na matumizi. Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi ajiulize: kompyuta hii itafanya kazi gani? Kuangalia matokeo ya mitihani, kutuma fedha, kusoma ujumbe na hata kujaza maombi mengi ya mtandaoni ni kazi ambazo simu janja inaweza kuzitimiza. Ikiwa hayo ndiyo mahitaji yote, hapana haja ya kununua kompyuta, na fedha ile ina kazi nyingine. Kompyuta inahitajika pale penye kuandika kurasa nyingi, kupanga hesabu katika majedwali, kuandaa ripoti za chuo, kuchapa nyaraka za wateja au kujifunza ufundi wa programu. Taifa letu lenyewe lilikwisha kuonja gharama ya kutangulia kununua. Serikali ilianza kutumia kompyuta katika miaka ya 1960 kwa kazi za hesabu. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, ukaja kulegezwa baadaye. Vyombo vilikuwa ghali, na waliojua kuviendesha walikuwa wachache mno. Nyumba moja yaweza kuangukia shimo hilohilo kwa kipimo chake.

Jambo la pili ni umeme. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake yaweza kutumia wati 120. Kompyuta mpakato ya kawaida hutumia wati 40 au pungufu. Kwa saa tano kila siku, ya mezani itakula yuniti 0.6 za umeme, na mpakato itakula 0.2. Mwenye paneli ya jua ya wati 100 hupata takriban yuniti 0.3 hadi 0.4 kwa siku yenye jua zuri, na katika hizo yamo mahitaji ya taa na simu. Kwa hiyo anayetegemea jua asishawishike na kompyuta ya mezani kwa sababu tu bei yake ni ndogo. Aidha, umeme ukikatika ghafla, ya mezani huzimika papo hapo na kazi isiyohifadhiwa hupotea, lakini mpakato yenye betri nzima huendelea. Kwa upande mwingine, ya mezani ni rahisi kutengenezeka na vipuri vyake hubadilishwa kimoja kimoja. Inamfaa mwenye kibanda cha kuchapa aliye na umeme wa uhakika, asiyehitaji kubeba chombo chake.

Tatu, vipimo. Hapa ndipo wengi hupotezwa na maneno ya sifa. Zipo sehemu tatu za kuangalia. Ya kwanza ni prosesa, yaani kiungo kinachofanya hesabu zote. Muuzaji atasema, "Hii ni i5," kana kwamba neno hilo limemaliza habari. Halijamaliza. Prosesa iitwayo i5-3320M ilitoka mwaka 2012; i5-8250U ilitoka mwaka 2017, na uwezo wao umepishana sana. Tazameni tarakimu zinazofuata kistari: 3320 ni kizazi cha tatu, 8250 ni kizazi cha nane, na 10210 ni kizazi cha kumi. Jina lililobandikwa kwa nje hupoteza maana pasipo namba hiyo.

Sehemu ya pili ni kumbukumbu ya kazi, inayojulikana madukani kwa jina la RAM. Hiyo ni kama meza ya kazi: ikiwa ndogo, huwezi kutandaza karatasi nyingi kwa pamoja. Kwa matumizi ya nyumbani na chuo, gigabaiti 8 zinatosha. 4 zitavumilika kwa kazi nyepesi tu. Sehemu ya tatu ni hifadhi, ambayo ni kabati la kuwekea mafaili. Zipo diski za zamani zinazozunguka, na zipo za aina ya SSD zisizo na kitu kinachozunguka. SSD huharakisha kazi kwa namna ambayo hata mgeni wa kompyuta huiona, tena hustahimili mtikisiko wa safari kuliko ile inayozunguka. SSD ya gigabaiti 256 ni bora kwa mtu wa kawaida kuliko diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500, ijapokuwa namba ya pili ni kubwa. Vipimo hivi vyote msivisome kwenye boksi wala kwenye karatasi iliyobandikwa. Mwambieni muuzaji awashe kompyuta na awaonyeshe ndani ya mipangilio yake.

Nne, mpya au iliyotumika? Mwenye fedha kidogo asione haya kununua iliyotumika. Kompyuta ya ofisi iliyotunzwa, ya kizazi cha nane au zaidi, mara nyingi humfaa kuliko mpya ya bei ya chini kabisa iliyotiwa prosesa dhaifu na hifadhi finyu. Lakini iliyotumika haina budi kupimwa kama kitambaa cha merikani. Iwasheni ikiwa haijachomekwa kwenye umeme, ikae hivyo nusu saa, mwone betri imeshuka kiasi gani. Andikeni kwa kila herufi ya kibodi. Chomekeni flashi katika kila tundu. Fungueni na kufunga kifuniko mara kadhaa, msikilize bawaba. Tazameni skrini ikiwa nyeupe tupu, kisha ikiwa nyeusi tupu, mwone madoa. Jaribuni spika, kamera na intaneti. Izimeni na kuiwasha tena. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, acheni, kwa kuwa yawezekana imefungwa na mwenyewe wa kwanza, au imeibwa. Kisha hakikisheni chaja ni yake na volti zake zinalingana na zilizoandikwa chini ya mashine. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na uchunguzi huu. Anayekuharakisha amekwisha kukujibu.

Tano, programu. Mashine pasipo mfumo endeshi haifanyi lolote. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kwa hiyo kompyuta zinazobaki nayo hukosa marekebisho ya usalama muda unavyokwenda. Windows 11 nayo haikubali rasmi mashine nyingi za zamani. Kwa prosesa za Intel, kwa jumla huanzia kizazi cha nane. Hii ndiyo sababu mashine nyingi za kizazi cha tatu hadi cha saba zinauzwa kwa bei ya kuvutia. Si lazima zikataliwe zote. Mtu aweza kuziwekea mfumo wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, usiolipiwa, pamoja na LibreOffice kwa kuandika na kupiga hesabu. Njia hii si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Hata hivyo, mzazi aulize kwanza chuoni, kwa kuwa zipo kozi zinazodai programu zisizofanya kazi ndani ya Linux. Jiepusheni na programu za kulipiwa zilizovunjwa kufuli na kugawiwa bure mitaani. Nyingi huja na virusi, na mwenye kuziweka hupoteza kazi zake, pengine na siri zake za fedha.

Sita, hesabu kamili. Bei ya kompyuta si gharama yote ya kompyuta. Tuchukue mfano wa mtu mwenye shilingi 600,000; huu ni mfano wa hesabu, wala si bei elekezi. Akiitoa yote kwa mashine, atarudi nyumbani bila mfuko wa kuibebea, bila kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka, bila flashi ya kutunzia nakala, bila nauli ya kurudi kwa fundi. Ni afadhali anunue ya 500,000 na kuweka 100,000 kwa mahitaji hayo. Akishauriwa kukopa, aandike mkopo wote kwenye karatasi. Malipo ya shilingi 60,000 kwa mwezi kwa miezi 15 ni shilingi 900,000. Kompyuta ileile ya 600,000 imeongezewa 300,000, na mwezi usio na mauzo deni halisubiri mvua. Ikiwa kazi si ya dharura, kuweka akiba hadi msimu ujao ni uamuzi wa heshima. Vilevile ndugu au majirani wanaoaminiana waweza kununua moja kwa pamoja, mradi waandikiane nani ataitunza na itatumikaje.

Saba, haki zenu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa kinga mnunuzi anayemweleza muuzaji kusudi la kununua na kutegemea ujuzi wa muuzaji huyo: bidhaa inapaswa kufaa kwa kusudi lile. Basi msinyamaze dukani. Semeni, "Naitaka kwa masomo ya chuo, ya kozi hii," na mwombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti pamoja na aina ya mashine, namba yake ya utambulisho, vipimo vyake na muda wa dhamana. Lakini sheria hiyohiyo haimkingi mnunuzi dhidi ya kasoro ambayo uchunguzi wake mwenyewe ulipaswa kuifichua. Ndiyo maana nimesisitiza kupima. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko, yakiwemo ya bidhaa bandia. Risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi ni wajibu wa muuzaji kuitoa na wajibu wa mnunuzi kuidai. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mlalamikaji asiye na risiti huwa na maneno matupu mbele ya mwenye duka.

Mwisho, utunzaji. Vumbi la kiangazi cha huku huziba feni, mashine ikapata joto na kuzeeka upesi. Ifunikeni isipotumika, na msiitumie juu ya godoro au blanketi. Wakati wa radi chomoeni waya kwenye ukuta. Kila wiki tieni nakala ya kazi muhimu kwenye flashi, na flashi hiyo isikae ndani ya mfuko mmoja na kompyuta, maana mwizi huchukua mfuko mzima.

Ndugu zangu, kabla hamjapanda treni kwenda kununua, andikeni karatasini mambo manne: kazi inayokusudiwa, umeme mlio nao, vipimo vya chini mtakavyokubali, na kiasi cha fedha ambacho hamtakivuka. Mkifika dukani mkaona hakuna kinachotimiza yale manne, rudini na fedha zenu. Kurudi mikono mitupu na fedha mfukoni si hasara, na maduka yatakuwapo kesho.